Nadai milioni tisa za kodi, kikoba kinanidai nne

Shikamoo Mama,

Mimi ni fundi wa viyoyozi na mashine za kudurufu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nina miaka 41, mke na watoto watatu. Kazi hii niliianza na mkoba mmoja wa spana mwaka 2017, wakati ofisi za serikali zinahamia huku na kila jengo linatafuta fundi. Leo nina vijana wanne na chumba cha karakana. Wateja wangu wengi ni ofisi, kuanzia mjini mpaka Mtumba.

Mwaka 2024 ulianza vizuri. Nilikuwa na mkataba mkubwa wa matengenezo, nikakadiria faida ya milioni 40 kwa mwaka. Mhasibu wangu akapiga hesabu ya kodi, ikaja 9,936,000, nikawa nalipa 2,484,000 kila robo mwaka. Machi nikalipa, Juni nikalipa. Juni hiyohiyo mkataba ukaisha na haukuongezwa. Septemba nikalipa kwa kujikamua, Desemba nikashindwa. Tulipofunga hesabu, faida ilikuwa milioni 15 tu, na kodi yake 2,436,000. Mimi nilikuwa nimeshalipa 7,452,000. Tena ofisi nilizozifanyia kazi za milioni 80 zilikuwa zimenikata asilimia 5 ya kodi ya zuio, ile mteja anayoikata kabla ya kukulipa. Hiyo ni 4,000,000. Ukijumlisha ni 11,452,000. Ukitoa kodi yangu halali, ninachodai ni 9,016,000.

Ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka, tuliiwasilisha kabla ya tarehe 30 Juni 2025. Julai nikaandika barua ya kuomba marejesho, nikaiacha mapokezi ya ofisi ya kodi. Huu ni mwezi wa nane sasa. Kwanza niliambiwa faili liko kwa mkaguzi. Baadaye nikaambiwa ofisa aliyekuwa nalo amehamishwa. Mwezi uliopita ndipo dada mmoja akanionea huruma, akafungua kompyuta, akaniambia vyeti vyangu vya zuio havitimii. Kuna taasisi moja niliifanyia kazi ya milioni 27, ikanikata 1,350,000, na cheti haijanipa mpaka leo. Kila nikienda, mhasibu wao yuko kikaoni.

Mama, lililonifanya nikuandikie ni hili. Septemba, kwa kuamini fedha iko njiani, nilikopa milioni 4 kwenye kikoba kupitia hisa za mke wangu. Ada na pango la karakana vikaimeza yote. Nimekosa marejesho matatu ya mkopo huo. Jumamosi mke wangu hakwenda kwenye kikao, alisema hana uso wa kukaa na wenzake. Usiku akaniambia neno ambalo bado linanichoma: "Ungekuwa unakwepa kodi kama wenzako, leo tusingekuwa hapa."

Rafiki yangu ananishauri nisilipe awamu ya Machi mwaka huu, nihesabu kwamba nimeshalipia kwenye ile ninayowadai. Mwingine ameniunganisha na mtu anayesema nikimpa 900,000 faili litatoka ndani ya wiki mbili. Nimechoka kutembea. Nifanye nini?

Fundi, Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Hesabu zako ziko sawa. Kwa viwango vya mtu binafsi, faida ya milioni 15 inabeba 1,536,000 kwa milioni 12 za kwanza, na asilimia 30 ya zile milioni 3 zilizobaki, yaani 900,000. Ndiyo hiyo 2,436,000. Kwa hiyo unapokwenda kudai, nenda ukijua kwamba huendi kuomba msaada. Ulitoa zaidi ya kilichotakiwa, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakupa haki ya kukidai.

Nianze na mtu wa laki tisa, maana huyo ndiye mwenye haraka kuliko wote. Usimpe hata nauli. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea, na wewe ndiye mwenye TIN (namba ya mlipakodi), karakana na anwani. Yeye ana namba ya simu tu. Halafu jiulize atafanya nini kwa hizo fedha. Faili lako limekwama kwa sababu lina upungufu wa karatasi moja, na karatasi hiyo haiko ofisi ya kodi. Iko kwenye kabati la taasisi iliyokukata. Huyo mtu hana ufunguo wa kabati hilo.

Hapa naomba nikueleze jambo ambalo sijapata kuliandika. Kabla ya kustaafu nilikuwa mhasibu katika halmashauri moja ya mikoa hii ya kati. Mafundi kama wewe walikuwa wakija dirishani kwangu kuulizia cheti cha zuio, nami nikiwaambia waje kesho. Sikuwa na nia mbaya. Mezani kulikuwa na posho za vikao, mishahara, hoja za wakaguzi, na cheti cha fundi kilionekana kitu kidogo kinachoweza kusubiri. Wengine walikuja mara tatu, kisha wakaacha kuja. Niliamini wameridhika. Barua yako imenionyesha walikwenda wapi, na inaniuma. Kwa hiyo nitakueleza namna ya kumfikia mtu aliyekaa pale nilipokuwa nimekaa mimi.

Sheria haikumpa uhuru wa kukuambia njoo kesho. Aliyekukata kodi ya zuio anatakiwa kuiwasilisha ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na kukupa cheti ndani ya siku 30 baada ya mwezi huo. Asipowasilisha, deni ni lake. Wewe lakini usiende kugombana. Nenda na karatasi moja iliyoandikwa vitu vitano: tarehe ya ankara yako, namba yake, kiasi chote, kiasi kilichoingia benki, na tofauti iliyokatwa. Ambatisha taarifa ya benki yenye mstari ule uliopigiwa alama. Mhasibu akipewa tarehe na kiasi, hati ya malipo anaipata kwa dakika chache. Akiambiwa tu "mlinikata mwaka juzi", inambidi apekue mwaka mzima, na ndipo kesho inapozaliwa.

Kabla ya kwenda, ingia kwenye akaunti yako ya mlipakodi mtandaoni, au mwombe mhasibu wako aingie, mtazame zuio lililoingizwa kwa TIN yako. Nimeona mara nyingi fedha iliwasilishwa kwa wakati, ila karani alikosea tarakimu moja ya TIN, au aliandika jina la duka badala ya jina la mwenye TIN. Fedha ikafika hazina bila kufika kwako. Ikiwa ndivyo, unachohitaji kwa taasisi ile ni barua ya kusahihisha pamoja na uthibitisho wa malipo. Ikiwa hawakuwasilisha kabisa, hilo nalo ulijue mapema, kwa sababu barua yako itabadilika: utamwandikia mkuu wa taasisi na nakala uipeleke ofisi ya kodi, ukitaja nani alikata, lini na kiasi gani.

Sasa barua yako ya Julai. Umesema uliiacha mapokezi. Una nakala yenye muhuri wa kupokelewa? Barua yako yote sijaona mahali unapoitaja nakala hiyo, nami naogopa huna. Maombi ya marejesho yana ukomo wa miaka 3 tangu kodi ilipolipwa, kwa hiyo bado umo ndani, lakini awamu yako ya kwanza uliilipa Machi 2024 na siku hazisimami. Andika upya. Taja barua ya kwanza na mwezi uliyoipeleka, weka nakala mbili, na usiondoke dirishani mpaka nakala yako imegongwa muhuri wenye tarehe. Ikiwa ombi linaingizwa mtandaoni, hifadhi namba ya kumbukumbu utakayopewa.

Katika barua hiyo ligawe dai lako. Wewe umelibeba kama furushi moja la 9,016,000, na furushi zima limesimama kwa sababu ya 1,350,000. Iliyobaki, 7,666,000, ina stakabadhi zako za awamu tatu na vyeti ulivyonavyo mkononi. Omba hiyo ishughulikiwe kwanza, na useme wazi kwamba 1,350,000 utaileta na cheti chake. Ofisa akipata kiasi kisicho na utata ana kitu cha kupitisha. Ukimpa chenye kasoro ndani yake, naye ataogopa kuweka sahihi. Ni binadamu, na sahihi yake itakaguliwa.

Kuhusu awamu ya Machi, rafiki yako amekosea, ingawa naelewa anakolitoa wazo hilo. Fedha ni yako, mbona ulipe tena? Lakini kukata mwenyewe juu kwa juu, bila maandishi, kunakufanya uonekane hujalipa. Riba inaanza kuhesabiwa na inajumlishwa mwezi kwa mwezi, na utakapohitaji hati ya kuonyesha huna deni la kodi ili uombe zabuni, hutaipata. Wewe maisha yako ni zabuni. Kinachoruhusiwa ni kuomba kwa maandishi kwamba ziada yako ihamishiwe kwenye kodi unayodaiwa mwaka huu. Mimi ningekuwa wewe ningeomba hivyo hivyo, kwa sababu kuhamisha tarakimu kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine mara nyingi ni kwepesi kuliko kutoa fedha hazina. Tuseme mwaka huu unakadiria faida ya milioni 20. Kodi yake ni 3,936,000. Ikihamishiwa huko, mwaka mzima hutoi awamu mfukoni, na unabaki ukidai 5,080,000 taslimu. Mpaka upate jibu la maandishi, lipa.

Ila ulipe kinachostahili, maana hapa ndipo palipokuumiza tangu mwanzo. Zile 2,484,000 ulikuwa unazilipa kamili kila robo huku ofisi zinakukata asilimia 5 pembeni. Sheria ya Kodi ya Mapato inakuruhusu utoe kwanza zuio ulilokwisha kukatwa mwaka huo, ndipo ugawe kilichobaki kwa awamu zilizobaki. Kama tangu Januari umekatwa 600,000, basi 3,936,000 inashuka hadi 3,336,000, ugawe kwa nne, Machi unalipa 834,000 na siyo 984,000. Na makadirio hayajachongwa kwenye jiwe. Siku mkataba wako ulipoisha Juni 2024 ulikuwa na haki ya kuwasilisha makadirio mapya. Ungekuwa umeshalipa 4,968,000, zaidi ya kodi yote ya mwaka, na Septemba usingetoa shilingi. Ile 2,484,000 uliyojikamua ingekuwa pango la karakana. Hili mhasibu wako alipaswa kukuambia. Muulize kwa upole, lakini muulize, na mwaka huu kaeni pamoja kila robo kabla ya kulipa. Kazi yako ina msimu: Oktoba na Novemba joto la Dodoma linakuletea wateja, miezi ya baridi wanapungua. Mtu wa namna hiyo hakadirii mara moja Januari akafunga daftari.

Lipo jambo moja ambalo halitakufurahisha. Ukidai marejesho, unafungua vitabu vyako. Mkaguzi ana haki ya kutazama kama faida ni milioni 15 kweli, na atakwenda moja kwa moja kwenye matumizi. Gesi, kapasita, kompresa uliyonunua kwa mtu bila risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), posho za vijana zisizo na sahihi: hivyo anaweza kuvikataa. Akikataa matumizi ya milioni 5, faida yako inapanda kufika milioni 20 na kodi inaongezeka 1,500,000, ambazo zitatoka kwenye dai lako. Ndiyo maana nasema panga risiti zako kwa miezi kabla hujaitwa. Zilizokosekana, rudi madukani ukaombe nakala wiki hii. Na ukiletewa karatasi ya matokeo ya ukaguzi, usitie sahihi siku hiyo hiyo. Ibebe nyumbani, isome na mhasibu.

Wakikukatalia kwa maandishi, yote au sehemu, hesabu siku 30 tangu siku uliyoipokea barua. Huo ndio muda wa kuweka pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa mamlaka ya kodi, na pingamizi likishindwa kuna Bodi ya Rufani za Kodi. Wakikaa kimya, usiendelee kuchosha miguu dirishani. Tangu sheria ilipoanzisha nafasi ya msuluhishi wa malalamiko ya kodi, mlipakodi mdogo anaweza kupeleka lalamiko lake kuhusu ucheleweshaji au huduma mbovu, na huduma hiyo ni bure, huhitaji wakili. Atakuuliza umefanya nini kabla ya kufika kwake. Hapo ndipo nakala zako zenye mihuri zitakaposema.

Niingie nyumbani kwako sasa, nikiruhusiwa.

Neno la mkeo limekuchoma kwa sababu linagusa kitu unachojivunia. Ulilipa. Ulilipa hata ulipokuwa huna. Naomba usimjibu kwa hotuba juu ya uaminifu. Yeye hakuwa anazungumzia kodi. Alikuwa anazungumzia aibu ya kutokwenda kwenye kikao ambacho wanawake wenzake walimdhamini kwa jina lake. Wewe ulikopa kwa hisa zake ukiahidi fedha ambayo haikuwa mkononi mwako. Hilo ni kosa lako, mwanangu, na halihusiani na ofisi yoyote. Mwombe radhi kwa hilo peke yake, bila kuchanganya na faili.

Kisha mkae na karatasi. Mwonyeshe 7,666,000 na 1,350,000, zilivyopatikana na zinasubiri nini. Kwa muda wote huu amesikia tu "fedha ya kodi inakuja". Hajaona hesabu, na asiyeona hesabu hubaki na hofu.

Kikao kijacho nendeni wawili. Kikoba kina katiba yake na kina watu waliokwisha kukwama kabla yako. Usiwaahidi fedha ya kodi tena, wala usitaje tarehe yake. Pelekeni chochote kilichopo, hata kama ni 200,000, na mwombe mkopo urefushwe kwa kiasi mnachoweza kukitoa kutokana na kazi za kila mwezi. Kama una kiyoyozi cha akiba, mashine iliyotengenezwa inayongoja mnunuzi, au pikipiki isiyotumika, iuzwe. Marejesho ya kodi yakitoka siku moja, mtamaliza deni mapema. Yasipotoka, deni linaendelea kupungua, na mkeo anakaa kwenye kiti chake Jumamosi.

Kwenye ile taasisi nenda Jumatatu, saa mbili kasoro, kabla vikao havijaanza. Muulizie mhasibu wa malipo kwa cheo chake. Mpe ile karatasi yenye vitu vitano mkononi, ya pili igongwe muhuri na masijala. Akikuambia uje kesho, mwombe aandike hiyo kesho ni tarehe ngapi juu ya nakala yako, na jina lake. Mimi ningeulizwa hivyo, ningekitafuta cheti siku ile ile.